Mashine Arobaini kwa Mpigo

Huko Ohio, Marekani, kuna kompyuta za kukodi ambazo Amazon iliziingiza sokoni Januari 2022 kwa jina la hpc6a. Kila moja ina viini 96 vya kupigia hesabu, na bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola 2.88 kwa saa. Ukiisikia bei hiyo utasema ni nafuu. Ila watu ninaowahudumia mimi hawakodi moja. Wanakodi arobaini kwa mpigo, na malipo huhesabiwa kwa sekunde tangu mashine inapowaka, iwe inakokotoa au imekaa tu inasubiri kuwekewa programu. Arobaini hizo zikitumia robo saa kujiandaa, dola 28.80 zimekwisha kabla tone moja la mvua halijakokotolewa.

Kazi yangu ni kuiua hiyo robo saa.

Mimi ni fundi wa seva hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaochunguza hali ya hewa. Mmoja anataka kujua kwa nini masika ya mwaka fulani yalichelewa kufika Tanga, mwingine anafuatilia jinsi upepo wa nchi kavu unavyokutana juu ya Ziwa Victoria usiku na kuzusha ngurumo. Wote wanatumia programu iitwayo WRF, iliyokuzwa na kituo cha NCAR kule Boulder, Colorado, pamoja na washirika wake. Na karibu wote, siku ya kwanza, huja na swali lile lile: "Dada, mbona kazi yangu haianzi? Mashine naziona zimewaka." Mimi huwajibu, "Zimewaka, mdogo wangu, lakini bado hazijui chochote."

Kwanza tuseme kwa nini ziwe nyingi. WRF huigawa ramani katika vipande vidogo vidogo na kukabidhi kila kiini kipande chake. Kiini kilichoshika anga la Pemba kinakokotoa joto, unyevu na upepo wa sekunde kadhaa zijazo, kisha kinawapasha habari majirani zake kuhusu yaliyotokea mpakani. Majirani nao wanafanya hivyo hivyo. Hakuna anayesonga mbele mpaka habari zote zimefika. Mashine moja ikichelewa, thelathini na tisa zinaisubiri. Na ikiwa na toleo tofauti la maktaba ya mawasiliano, kazi nzima huanguka, mara nyingi kwa ujumbe wa hitilafu ambao hata mimi husoma mara mbili. Kwa hiyo mashine hizi hazitakiwi kufanana tu. Zinatakiwa ziwe kitu kimoja kilichorudiwa mara arobaini.

Mambo haya yana umri. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kununua dukani zikafanya kazi kama moja, wakaiita klasta hiyo Beowulf. Baada ya hapo klasta zilikua mpaka zikajaza kumbi. Ranger, iliyokuwa ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ilifanya kazi kuanzia 2008 hadi 2013 ikiwa na mashine 3,936, na ilipostaafu baadhi ya makabati yake yalisafirishwa hadi Afrika Kusini ili yaendelee kutumika katika vyuo vya Afrika. Chuma cha namna hiyo kinataka chumba, viyoyozi vinavyofanya kazi na umeme usiokatika. Lakini kina jambo moja jema: ukishaweka programu leo, mwakani utaikuta pale pale.

Kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta hizi za kukodi, haiko hivyo. Klasta za wateja wangu huundwa kwa chombo cha Amazon kiitwacho ParallelCluster. Mashine kuu moja hukaa macho muda wote, ndani yake kukiwa na Slurm, msimamizi wa foleni aliyeanzia maabara ya Lawrence Livermore kule California. Mwanafunzi anaweka kazi kwenye foleni, Slurm anaona mashine zinazohitajika hazipo, anaziagiza, zinawaka, zinafanya kazi. Zikikaa bila shughuli dakika 10, kama hujabadilisha mpangilio, zinazimwa na kufutwa. Zikiagizwa kesho, ni mashine nyingine kabisa. Chochote ulichokifunga kwa mkono ndani ya zile za jana kimekwenda nazo.

Hapo ndipo imeji inapoingia. Imeji ya mashine ni nakala ya diski iliyokamilika, kuanzia kerneli, ambayo ni moyo wa mfumo endeshi, hadi faili dogo la mwisho la mpangilio, iliyohifadhiwa ili kila mashine mpya iamke nayo. Amazon ilikuwa nazo tangu mwanzo wa EC2, huduma yake ya kukodisha kompyuta, iliyofunguliwa kwa majaribio Agosti 2006 kwa senti 10 za dola kwa saa. Wanaopenda kusema wingu ni mambo ya Wazungu wa Seattle wafahamu kwamba EC2 ilijengwa Cape Town, na timu iliyoongozwa na Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyetaka kurudi kuishi kwao. Ajabu ni kwamba Amazon yenyewe haikufungua kituo chake cha wingu Cape Town mpaka Aprili 2020.

Kila imeji hupewa namba inayoanza na herufi ami, na namba hiyo ni ya kanda moja tu. Imeji iliyotengenezwa Cape Town haionekani Ohio mpaka uinakili kule, na ikifika inapata namba mpya. Vilevile imeji ya prosesa za Intel na AMD haiwaki kabisa kwenye prosesa za Graviton, ambazo Amazon hujitengenezea kwa usanifu wa Arm. Haya ni ya kukariri tu, hayana falsafa.

Falsafa iko kwenye kuchagua. Kuandaa imeji ni kama kumfungia mtoto tranka la kwenda bweni: kuna vitu ambavyo akivikosa atateseka, kuna vitu vitakavyomletea mzigo bure, na kuna vitu ambavyo vikikutwa ndani ya tranka mzazi ataitwa shuleni.

Vya lazima ni vile vinavyochukua muda mrefu kufungwa na havibadiliki kila wiki. WRF haiji ikiwa tayari. Unachukua msimbo wake, wa Fortran kwa sehemu kubwa, unaujenga juu ya maktaba za NetCDF, HDF5 na ile ya mawasiliano ya MPI. Ujenzi huo unakula muda mwingi, na ukiuacha ufanyike wakati mashine arobaini zinawaka, unalipia mashine arobaini zijenge kitu kile kile kwa pamoja. Ni upuuzi, na nimekuta watu wanaufanya.

Kuna na draiva. Mashine za hpc6a huzungumza kupitia EFA, kadi ya mtandao ya Amazon inayopitisha data bila kuipitishia kwenye kerneli kila mara, kwa kasi ya gigabiti 100 kwa sekunde. Draiva yake imefungamana na kerneli. Mteja wa Lustre, mfumo wa mafaili unaotumika pale mashine nyingi zinaposoma na kuandika kwa wakati mmoja, naye amefungamana na kerneli. Sasa fikiria Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, inapoamka na, kwa nia njema kabisa, ikajipandishia kerneli mpya yenyewe. Mashine inawaka upya na Lustre haipo. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokifanya kwenye imeji yoyote ni kuzima masasisho ya kujiendesha na kuifunga kerneli kwenye toleo lake. Viraka vya usalama naviweka mimi, kwa kujenga imeji nyingine, si mashine kwa uamuzi wake usiku wa manane.

Mtego unaowanasa wengi zaidi ni mahali pa kujengea. Kijana anajenga imeji kwenye mashine ya Intel aliyoiona ya bei nafuu, na anakiambia kikusanyi cha programu kitumie kila uwezo wa prosesa iliyopo. Kikusanyi kinatii, kinatia amri za AVX-512, ambazo Intel alikuwa nazo kwenye seva zake kwa miaka kadhaa. Kisha imeji inapelekwa kwenye hpc6a, zenye prosesa za AMD EPYC za kizazi cha tatu, ambazo hazizijui amri hizo kabisa. Programu inakufa sekunde ya kwanza, ikilalamika kwamba imepewa amri isiyo halali. Kijana anaapa kwamba jana ilifanya kazi. Ni kweli ilifanya kazi, kwenye mashine nyingine. Jenga kwenye aina ile ile ya mashine utakayoikodi, hata kama saa hiyo moja ya ujenzi inauma mfukoni.

Baada ya somo hilo watu huenda upande wa pili, wanataka kuweka kila kitu ndani. Data za hali ya hewa za miaka kumi, programu tano za kuchorea ramani, matoleo matatu ya Python. Hapa kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Mashine inapoamka kutoka kwenye imeji, diski yake haijajaa kweli. Amazon huleta vipande vya diski kutoka ghalani kadiri vinavyoguswa kwa mara ya kwanza, na mguso huo wa kwanza ni wa pole pole. Imeji nene unayoigusa pande zote inarudisha ile robo saa uliyoifukuza, ila sasa imejificha ndani ya kazi yenyewe na huioni kwenye foleni. Data ziende kwenye Lustre au ghala la S3. Skripti za mwanafunzi zikae kwenye saraka yake ya nyumbani, ambayo mashine kuu inaishirikisha kwa mashine zote.

Na vile vya kuitiwa mzazi? Ni siri. Nywila, funguo za SSH, funguo za akaunti ya wingu, historia ya amri ulizoandika ukiwa unajenga. Mwaka 2012 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya Eurecom ya Ufaransa, walichapisha uchunguzi wa imeji za wazi zaidi ya 5,000 zilizokuwa zikipatikana kwenye EC2. Walikuta funguo zilizosahauliwa ndani, na zaidi ya hapo waliweza kufufua mafaili ambayo wenyewe walidhani wameshayafuta. Kufuta faili hakuondoi alama zake kwenye diski, na imeji hunakili diski. Dawa si kusafisha baadaye. Dawa ni siri kutoingia kamwe, mashine izipate inapowaka, kwa ruhusa iliyopewa yenyewe.

Utambulisho wa mashine ni jambo la jamii hiyo hiyo. Kila mashine ya Linux huwa na kitambulisho chake na ufunguo wake wa SSH, na ukivigandisha kwenye imeji utapata mashine arobaini zenye cheti kimoja cha kuzaliwa. ParallelCluster ina skripti yake ya usafi ya kuendeshwa kabla ya kupiga nakala. Wanaojenga kwa mkono huisahau mara kwa mara. Ufunguo wa MUNGE nao, ambao Slurm huutumia kujua kwamba ujumbe umetoka kwa mashine ya klasta yake, uachie klasta yenyewe iusambaze. Ukitaka kujiumiza kichwa, uweke kwenye imeji kisha utumie imeji hiyo kwa klasta mbili.

Sasa nije kwenye jambo ninalogombania na wenzangu. Kuna mafundi wanaojenga imeji kwa kuingia kwenye mashine, kufunga hiki, kurekebisha kile, mpaka ikae sawa, halafu wanabonyeza kitufe cha kunakili. Inakuwa imeji nzuri. Miezi sita baadaye hakuna ajuaye kilichomo, pengine hata aliyeitengeneza kashahamia kampuni nyingine, na kila mtu anaogopa kuigusa. Nimerithi imeji za namna hiyo. Kuichunguza moja ili kujua ni maktaba gani ya MPI inayotumika kweli, kati ya tatu zilizomo, ni adhabu.

Njia ya haki ni kuandika maelekezo kwenye faili: anza na imeji mama hii, ongeza hivi, endesha majaribio haya, funga. ParallelCluster ina amri ya kujenga imeji kutoka kwenye faili kama hilo. Nyuma ya pazia huwasha mashine, hufuata maelekezo, hupiga nakala na kuizima. Packer, iliyotolewa na HashiCorp mwaka 2013, hufanya kazi ya aina hiyo kwa Amazon na kwa wapinzani wake pia. Ujenzi huchukua hata saa nzima, na kwa sababu haukuhitaji uwe macho, nenda kanywe chai.

Lazima niwe mkweli kwamba watengenezaji wenyewe wa ParallelCluster, kwenye mwongozo wao, hawashauri imeji za kujitengenezea kama njia ya kwanza. Hoja yao ni nzito: imeji yako imefungwa kwenye toleo moja la chombo, na likitoka toleo jipya lenye marekebisho, wewe huyapati mpaka ujenge upya. Wanapendekeza skripti zinazoendeshwa mashine inapowaka. Nakubaliana nao nusu. Kwa klasta ya mashine mbili tatu, skripti inatosha na imeji ni mbwembwe. Kwa arobaini, ninarudi kwenye zile dola 28.80 kwa kila kuwaka, na mwanafunzi anayerekebisha kosa dogo huziwasha tena na tena. Hoja yao ni kali kwa asiye na faili la maelekezo. Kwa mwenye nalo, toleo jipya ni kubadilisha mstari mmoja na kusubiri.

CentOS ilithibitisha hili. Mfumo endeshi huo wa Linux ulikuwa ndio uwanja wa nyumbani wa watu wa klasta. CentOS 8 ilikatwa tarehe 31 Desemba 2021, CentOS 7 ikafuata 30 Juni 2024, na maelfu ya imeji duniani zikabaki juu ya msingi usiopokea tena viraka. Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, alianzisha Rocky Linux kuwa mrithi. Waliokuwa na maelekezo walibadilisha imeji mama, wakarekebisha majina machache ya vifurushi, wakajenga. Waliokuwa na imeji za mkono walianza upya kabisa.

Kurtzer huyo huyo ndiye aliyeanzisha Singularity, ambayo leo huitwa Apptainer, na hii ndiyo njia ninayowapeleka wateja wangu polepole. WRF na maktaba zake zote hufungwa kwenye kontena, ambalo ni faili moja tu linaloweza kuendeshwa kwenye klasta ya wingu leo na ya chuo kesho. Imeji inabaki na vile ambavyo kontena haliwezi kuvibeba: kerneli, draiva ya EFA, mteja wa Lustre. Inakuwa nyembamba, inawaka haraka, na wanafunzi watatu wanaotaka matoleo matatu ya WRF hawagombani tena.

Imeji mpya haipelekwi kwa mashine arobaini moja kwa moja. Mimi huwasha mbili kwanza. Naangalia kerneli ni ile niliyoifunga, Lustre imeshika, na ujumbe kati ya mashine hizo mbili unapita kwenye EFA na si kwenye mtandao wa kawaida, maana EFA ikikosekana kazi huweza kuendelea kimya kimya kwa mwendo wa kinyonga. Dakika 10 za mashine mbili ni senti 96. Hakuna bima ya bei rahisi kuliko hiyo.

Na za zamani zifutwe. Nakala za diski hutozwa, huko Marekani kama senti 5 kwa gigabaiti kwa mwezi, na kuiondoa imeji kwenye orodha si lazima kufute nakala iliyo chini yake. Imeji kumi na mbili zilizosahauliwa, kila moja ikichukua gigabaiti 50, ni dola 30 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya robo saa ya mashine zote arobaini.

Kwa hiyo ewe mhadhiri au mkuu wa kitengo unayemlipa fundi akuandalie klasta kwenye wingu: siku ya makabidhiano usipokee namba ya imeji peke yake. Dai faili la maelekezo lililoijenga, lihifadhi kwenye akaunti ya idara, na mwambie ajenge upya mbele yako kabla hujasaini malipo.